Kiazi Tulichokikata Hadi Kikapotea

Juzi tulimzika Mzee Gathogo kule Dundori, juu ambako baridi haina adabu: ukimiminiwa chai, inapoa ikiwa bado njiani kuja mdomoni. Watu walikuwa wengi hivi kwamba nadhani Nakuru yote ilibaki na mbwa na askari wa trafiki peke yao. Baada ya maombi tukapanga foleni ya chakula, na aliyesimama mbele yangu na sahani ya plastiki, amejitanda leso nzito mabegani, nywele nyeupe kama pamba, alikuwa Madam Chepkoech, mwalimu wangu wa ngumbaru. Tulishikana mikono mpaka foleni ikaanza kulalamika. Tukapata mahali kwenye nyasi, mukimo magotini, tukala kimya kidogo kwa heshima ya marehemu. Halafu akaniinamia sikioni akasema, "Wafula, unakumbuka kiazi?" Basi. Mukimo ulinipitia njia ambayo Mungu hakuiweka kwa ajili ya chakula. Nilikohoa, nikacheka, nikatokwa na machozi, Madam naye anajifuta macho kwa leso, na mama mmoja aliyekaa karibu akatugeukia: "Na nyinyi watu wazima mnacheka nini, na mtu ndio ameingia chini saa hii?" Ningemwelezaje? Ningemwambia nini, kwamba aliyelala pale aliwahi kutushika tukikata kiazi kisichoonekana?

Sitawapeleka mbali kwa habari za ukoo. Ukoo wangu unajijua. Nataka mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nasukuma mkokoteni sokoni, nina mgongo wa chuma na sijui kusoma. Jina langu mwenyewe lingeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kama milango ya godauni, ningelipita nikidhani ni tangazo la rangi. Mwaka ule nikajiunga na ngumbaru, ndivyo tunavyoliita darasa la watu wazima, saa kumi na mbili jioni baada ya kazi. Darasa lenyewe lilikuwa ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa letu. Mvua ikinyesha tulifundishwa kwa ishara kama mabubu. Viti vilikuwa vya watoto wa Sunday school, kwa hiyo ukikaa magoti yanakuja juu yanakusalimia masikioni. Kulikuwa na ngoma ya kwaya iliyofunikwa shuka, harufu ya mishumaa na ya viatu vya mtu aliyeshinda kwenye matope, na balbu moja iliyoning'inia juu sana, kana kwamba ilikuwa inatuogopa. Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao Mzee Gathogo, mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Aliufunga kwa kamba ya kiatu akauvaa shingoni, na alikuwa akitufungulia bila salamu, anatuhesabu kwa macho kama mbuzi, kisha anaenda zake akikohoa.

Katoni ya vitabu ilifika katikati ya muhula wa kwanza. Wafadhili walikuwa wameleta shehena kwenye shule moja ya msingi, shule ikachagua hadithi na hesabu, na vile ambavyo hakuna mwalimu aliyetaka kuvifundisha vikaja kwetu, maana ngumbaru hula makombo. Vilikuwa vitabu vya watoto, vyenye picha za rangi, vinavyoeleza mambo yajayo. Kulikuwa na kimoja cha roboti inayokamua ng'ombe, kimoja cha mashine inayochapa nyumba jinsi ofisi inavyochapa barua, na kimoja chembamba, cha manjano, kilichohusu vitu vidogo. Si vidogo kama siafu. Vidogo kiasi kwamba siafu akisimama kando yao ni Mlima Longonot. Madam alifungua kurasa zake mbili, akavuta pumzi, akasema, "Hata mimi hiki sijakisoma shuleni. Tutaanza pamoja." Sijawahi kumsikia mwalimu mwingine akisema hivyo, na nimepitia walimu wengi tangu hapo.

Shida ni kwamba Kiswahili cha kitabu kile kilikuwa kimevaa suti. Sisi Kiswahili chetu ni cha sokoni, kimevaa gumboots. Aliyetuokoa alikuwa mwanafunzi mwenzetu, Bi Zuhura, mama wa mahamri wa Bondeni, ambaye wazee wake walitoka pwani. Yeye Kurani alikuwa akiisoma tangu utotoni, lakini herufi hizi za kizungu hazikuwa zimewahi kumkalia kichwani, na mwezi wa kwanza alianza kila mstari kutoka kulia hadi Madam akawa anamshika bega na kumgeuza kama gari. Maneno yalipokuwa magumu, tulimgeukia yeye atafsiri Kiswahili kuwa Kiswahili.

"Bi Zuhura, chembe ni nini?" niliuliza siku moja.

"Chembe, mwanangu? Si kile kijimchanga kinachokukera ukitafuna wali."

"Sasa wanasema hivi vitu ni vidogo kuliko chembe ya vumbi."

"Basi hivyo havikeri mtu tena," akasema. "Hivyo ni siri ya Mungu."

Tulisoma polepole, kidole chini ya neno, sentensi moja ikitumaliza jioni nzima. Lakini sentensi zenyewe! Nakumbuka ile iliyosema kwamba kila sekunde inayopita ukucha wako unakua kama nanomita moja, ndicho kipimo cha vile vitu vidogo. Watu wazima, mafundi, mama mboga, watu waliozika wazazi na kuzaa watoto, wote tuliinua mikono kwenye mwanga wa ile balbu tukaangalia kucha zetu zikikua. Nilikaa na kucha zile miaka ishirini na tisa na hazikuwahi kuniambia. Kesho yake sokoni nikawa naangalia kila kitu kama mgeni: maji yakiteleza juu ya jani la nduma bila kulilowesha, kumbe kitabu kilieleza kwamba jani la namna hiyo lina vinundu vidogo vidogo vinavyoyakataza maji kushika. Nilimwaga maji kwenye majani ya nduma ya mama mmoja mpaka akanifukuza na mwiko. Bi Zuhura naye, tulipofika mahali paliposema dhahabu ikisagwa kupita kiasi hugeuka nyekundu, alivua herini yake akaishika karibu na jicho, akaitazama kama mtu anayeuliza, kwani wewe ni nani hasa?

Na kila sura iliishia na swali kwa mtoto. Sura ya pili iliuliza: "Ukiwa mkubwa, ungependa kuunda nini?" Madam, kwa kuwa yeye ni wa haki, alisema kila mtu ajibu. Mimi nikasema ningeunda mkokoteni unaopunguza uzito wa viazi ukifika mlimani. Watu wakapiga makofi. Bi Zuhura, ambaye alikuwa na wajukuu wanaonyoa ndevu, alifikiri sana akasema, "Mimi nikiwa mkubwa, Mungu akipenda, nitaunda magoti." Tulicheka mpaka ngoma ya kwaya ikaitikia. Lakini nilipokuwa nikitembea kwenda nyumbani sikucheka. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nikiwa mkubwa nitakuwa nani. Kitabu cha watoto kilikuwa cha kwanza.

Sasa kiazi. Sura ya tatu ilisema: chukua tufaa, likate nusu, chukua nusu uikate nusu, uendelee hivyo, na ukifaulu kukata mara ishirini na kitu utafika kwenye kipimo hicho cha nanomita. Tufaa nani angenunua? Lakini viazi vya Dundori nilivibeba gunia kwa gunia, na kimoja kilikuwa kimebaki kwenye mkokoteni, mviringo, kisafi, kama kilichotumwa. Bi Zuhura akatoa wembe, kwa sababu mkono wake umezoea kukata unga. Balbu ilikuwa mbali, tukawasha mshumaa. Tukaweka kiazi juu ya kigae, tukainama sote, vichwa vimegusana. Kila mkato alisema "Bismillahi," kila mkato nusu moja ikawekwa kando, na kiazi kikaendelea kupungua: kikawa haragwe, kikawa punje ya mchele, kikawa ncha ya sindano. Hatukuwa tunapumua, kwa hofu ya kukipeperusha. Tulipofika mkato wa kumi hakuna aliyejua kama kiazi kiko kwenye wembe au kwenye kidole, na bado safari haikuwa imefika nusu. Nusu! Nilihisi kama mtu aliyechungulia kisima, akatupa jiwe, akangoja, na jiwe halijalia mpaka leo.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ebu simama na wewe mahali pa Mzee Gathogo. Umekuja kufunga ukumbi wa kanisa lako. Unakuta watu wazima wamezunguka mshumaa, wembe unameta, mama wa Kiislamu ananong'ona, na katikati yao hakuna kitu. Na sisi sote tunajua wembe hutumiwa na nani kwa faragha namna hiyo, na hao hawavai kola ya mchungaji.

"Mnachanja nani?" akauliza.

"Hatuchanji mtu, mzee," nikasema. "Tunakata kiazi."

"Kiazi kiko wapi?"

"Kiko hapo kwenye kidole cha Bi Zuhura."

Akasogea akakitazama kile kidole. "Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo, mzee. Hata sisi hatukioni. Hapo ndipo tumefika."

Nimewahi kujibu watu vibaya maishani, lakini jibu lile ndilo bingwa. Mzee Gathogo akachukua kitabu cha manjano, akakifungua, na kurasa zote zilizokuwamo zikamwacha aangukie ile moja yenye picha ya mashine ya kubuni, ina miguu kama kaa, inaogelea ndani ya mto mwekundu wa damu ya mtu. Akakirudisha mezani kama anayetua sufuria ya moto. "Jumamosi mtakuja mbele ya kamati," akasema. "Ufunguo tutauzungumza huko."

Kesho yake saa sita nilikuwa kwenye kibanda cha chapati na madondo, yale maharagwe manene, nyuma ya soko. Kati ya meza na meza kulikuwa na pazia la gunia, na ng'ambo yake akina mama wawili walikuwa wakila na kuzungumza.

"Umesikia ya ngumbaru?"

"Ya nini tena?"

"Ati wanapewa kadudu. Kadogo, huwezi kukaona. Ukishakameza kanatembea kwa damu kakiandika namba."

"Namba gani? Ile ya Ufunuo?"

"Kwani kuna ingine? Na wanafanyia kwa kanisa!"

"Woi! Ndio maana yule wa mkokoteni amenona hivi."

Sikuwa nimenona, lilikuwa koti. Lakini niliiacha chapati sahanini, maana nilijua maneno yakishafika kwenye madondo yamefika kila mahali. Jioni ile Madam hakufundisha. Alituambia wazi kwamba ofisini kwao hakuna ubishi: darasa lisilo na mahali pa kukaa hufutwa, na yeye angehamishiwa Kamere, huko ufukweni Naivasha, akaanze na wengine. Hakukuwa na ukumbi mwingine mtaani uliokuwa na stima na usiodai kodi. Nikamuuliza sisi tulio katikati itakuwaje. Mimi herufi zote nilizijua, maneno mafupi niliyameza, marefu yalinikwama kama mfupa wa samaki. "Wafula, sitakudanganya," akasema. "Mtu akiachwa hapo ulipo, baada ya muda herufi zinarudi zilikotoka." Nilitoka nje nikashika mishikio ya mkokoteni wangu, nikaiona ilivyolainishwa na viganja vyangu, nikaona itakavyozidi kulainika mpaka nizeeke.

Tukakubaliana nisome mimi mbele ya kamati. Madam alisema akisoma yeye watadhani anatunga, na mimi sauti yangu ilikuwa imekomazwa na kupiga kelele "Kando! Kando!" sokoni. Alinichagulia ukurasa wa dawa: jinsi siku moja kifaa kidogo kitaweza kubeba dawa hadi mahali panapouma, kiache pengine pote. Nilifanya mazoezi wiki nzima. Nadhani mpaka punda wa jirani aliujua ukurasa ule. "Ukifika hapa chini," Madam aliniambia, akaweka kidole, "funga kitabu. Huu unaofuata tusiuguse." Hakutufundisha ule unaofuata, na hakusema kwa nini.

Jumamosi kamati ilikaa mezani na birika la chai na mkate uliokatwa, na sisi kwenye vile viti vya watoto, magoti masikioni, kama washtakiwa wa chekechea. Nikasimama nikasoma. Niliusoma ukurasa wa dawa kama tarumbeta, bila kukwaa hata mara moja, na mzee mmoja wa kamati akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Nikafunga kitabu. Nikaanza kuona ushindi, nikauona mkate.

Mzee Gathogo hakugusa chai yake. "Umesoma vizuri," akasema. "Sasa mimi nina swali moja tu. Si la shetani, hayo ya shetani ni ya akina mama wa madondo. Ndugu yangu mdogo alikuwa akichonga mawe ya kujengea. Alikuwa na nguvu kuliko wewe. Vumbi la mawe halikuwa likionekana hewani, ni kidogo tu, alikuwa akijipangusa uso anacheka. Liliingia kifuani likakataa kutoka. Nimemshikilia mgongo akikohoa mpaka akaisha. Sasa nyinyi mnaniambia watu wanaunda kitu kidogo kuliko vumbi, kwa makusudi, na mnafurahi. Hicho kikiingia kifuani, kinatokea wapi?"

Madam aliangalia mikono yake. Bi Zuhura aliangalia mlango.

"Na mbona umefunga?" mzee akaniuliza. "Karatasi hazijaisha. Geuza."

Nikageuza. Ule ukurasa sikuwa nimeuona hata siku moja. Hakukuwa na wa kunitangulia wala wa kunigeuza bega. Mtu mjanja angetunga kitu, na kwa kutunga mimi si mdogo, lakini anayesoma kwa kufuata kidole hana nafasi ya kudanganya. Neno likifika chini ya kidole linatoka lenyewe. Nikaanza. "Je... vitu... vidogo... hivi..." Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. "...vina-vya-weza... vinavyoweza... kuingia ma-pa-fu-ni... mapafuni... vinaweza kutudhuru?" Nikasikia Madam akivuta pumzi. Kumbe ndiyo sababu hakutaka tuuguse. Nilijua ninalibomoa darasa letu kwa mdomo wangu mwenyewe, neno kwa neno, na bado jambo jingine lilikuwa likinitokea ambalo hata leo linanisimamisha nywele: yale maneno hayakuwa ya mazoezi. Mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, alikuwa ameweka wazo lake ndani ya alama nyeusi, na wazo hilo lilikuwa likipanda kidoleni, likipita kifuani, likitoka kwa sauti yangu. Nilikuwa nasoma. "Baadhi... vinaweza. Wa-na-sa-yansi... wanachunguza. Ukweli, mtoto mpendwa, ni kwamba... bado... hatujui."

Nikasimama hapo. Ukurasa ulikuwa umeisha.

Mzee Gathogo aliishika ile kamba ya kiatu shingoni. Nilidhani anaivua. "Rudia hapo," akasema.

"Wapi, mzee?"

"Hapo mwisho."

"Ukweli, mtoto mpendwa, ni kwamba bado hatujui." Mara hii halikukwama hata neno moja.

Akawageukia wenzake. "Nimesoma Biblia miaka mingi," akasema. "Shetani anaongea mara kadhaa mle ndani, na hakuna hata mahali pamoja anaposema hajui. Kuanzia pale bustanini alikuwa na jibu la kila kitu. Hiki kitabu wacheni kikae." Kisha akavuta kikombe chake, chai imeshapoa kitambo, akainywa yote. "Lakini wembe na mshumaa, hapana. Kiazi mkakatie nyumbani."

Wenzangu walilipuka. Bi Zuhura alipiga kigelegele ndani ya ukumbi ule wa kanisa, na hakuna aliyemkataza. Mkate wa kamati uliliwa na watu ambao hawakualikwa. Nilipokuwa nikitoka, Mzee Gathogo akanishika mkono kwenye mlango, akanivuta kando.

"Kijana. Wakijua, utakuja kuniambia?"

"Nitakuja, mzee."

Madam hakuenda Kamere. Mwisho wa mwaka nilifanya mtihani wa ngumbaru nikapita, nikaendelea na shule ya jioni hadi kidato cha nne, nikiwa mwanafunzi pekee mwenye mvi na mkokoteni. Na kila tulipokutana na Mzee Gathogo, sokoni, kanisani, hata siku moja kwenye benchi la hospitali, hakuniuliza hali. Aliniuliza, "Wamejua?" Nilimjibu, "Bado, mzee." Naye akasema, "Soma." Miaka nenda, miaka rudi, salamu yetu ilikuwa hiyo, na kwa sababu yake nimesoma mambo ya mapafu kuliko mtu yeyote anayeuza viazi katika Bonde la Ufa zima, na sidhani kama hapo naongeza chumvi.

Mwezi uliopita watu wa nyumbani kwake walinipigia simu nikamwone. Nilimkuta kitandani kule Dundori, ameegemezwa mito, pumzi fupi, dirisha limejaa ukungu wa shambani. Nilianza na maneno ya wagonjwa, pole mzee, utapona mzee. Akayapangusa kwa mkono.

"Wamejua?"

"Wamejua kidogo, mzee," nikasema. "Si yote. Vingine mwili unavitoa. Vingine vinakaa. Nimekuja na maandishi yao."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akapapasa shuka mpaka akaupata ukingo wa kitanda, akaupigapiga, mahali pa mimi kukaa.

"Hicho kidogo," akasema, "nisomee."

Nikakaa, nikamsomea.